Bendi nzima katika gitaa moja: sonata ya Giuliani

Hapa Dar es Salaam, neno "solo" lina maana inayoeleweka na kila mpenzi wa muziki wa dansi. Mpiga solo ndiye anayetangulia, rizimu ikimshikilia na besi ikimwekea msingi, kiasi kwamba hata akinyamaza kidogo wimbo hauanguki. Mimi kwa miezi minane sasa nimekuwa nikijifunza sonata, yaani utungo wa ala wenye sehemu kadhaa, iliyoandikwa kwa gitaa la solo ambalo halina mwenzake yeyote.

Ni Sonata katika ufunguo wa C meja, opus 15 (yaani kazi yake namba 15), ya Mauro Giuliani, Mwitaliano aliyezaliwa Bisceglie mwaka 1781, akahamia Vienna mwaka 1806 na kujipatia jina katika mji uleule alioishi Beethoven. Ilichapishwa mwaka 1808 na ina sehemu tatu: ya haraka, ya polepole, kisha ya haraka tena. Gitaa la wakati ule lilikuwa dogo kuliko letu, na nyuzi zake nyembamba zilitengenezwa kwa utumbo wa mnyama, kwani za nailoni zilikuja miaka ya 1940.

Kazi zote za bendi umepewa mkono mmoja, wa kulia. Gumba linapiga besi, kidole cha shahada na cha kati vinajaza rizimu kwa akordi (noti kadhaa zinazokwenda pamoja) zilizovunjwavunjwa, noti moja baada ya nyingine, na cha pete kinaimba juu. Katika sehemu ya kwanza muziki unaondoka ufunguo wa C na kuhamia ule wa G, ambako uzi wa nne, wa tatu na wa pili, ukiupiga kila mmoja bila kuubana, tayari zinakupa akordi kamili ya G. Hapo gitaa linafunguka lenyewe. Lakini sheria ya sonata inadai wimbo huohuo urudi baadaye katika C, na mkono wa kushoto, uliokuwa umeanza kupumzika, unalazimika kubana tena. Naipenda sana hesabu hiyo.

Kilichonishinda ni sehemu ya pili, ambayo Giuliani ameagiza ipigwe polepole na kwa hisia kubwa. Noti ya gitaa huanza kufa mara tu inapozaliwa, na katika mwendo wa taratibu kila noti ya juu ilikuwa ikizimika kabla sijafikia inayofuata, hata nikawa naikwaruza kwa nguvu ili isikike.

Jioni moja, masika yakiwa yametulia, jirani yangu, mzee aliyepiga rizimu kwenye bendi za dansi kwa miaka mingi, alisimama mlangoni.

"Kijana, mnapiga wangapi humu?"

"Shikamoo, mzee. Niko peke yangu."

"Marahaba. Hebu rudia hapo pa polepole."

Nikarudia. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, vidole vyake vikitembea juu ya goti.

"Solo yako haina tatizo," akasema. "Rizimu ndiyo inamfunika. Mshushe huyo wa katikati, usimpandishe wa juu."

Tangu siku hiyo nazipiga noti za katikati kwa nyama ya kidole tu, karibu na tundu la gitaa, kwa wepesi wa kugusa maji. Kuna mahali ambapo noti ya uzi wa kwanza sasa inafika ng'ambo ikiwa hai. Mahali pengine bado inakatika, na hapo ndipo nitakapoanzia kesho alfajiri, kabla bajaji hazijaanza kupita.