Siku moja maishani mwangu: saisi asiyepanda farasi

Saa 10:30 alfajiri nishaingia bandani. Kabla ya salamu napapasa kwato zote nne za Marjani. Zikiwa baridi, moyo wangu unatulia. Farasi mnene anayeshinda amesimama huweza kuvimba ndani ya kwato hata kugeuka kukamshinda, na kwato zenye joto ndizo zinazokupa habari mapema. Kisha vidole chini ya taya: mapigo 36 kwa dakika. Akiwa ametulia yanatakiwa yawe kati ya 28 na 44.

Wiki ya sita hii hajapandwa. Tandiko la mtumba lilimchubua juu ya mabega, na daktari wa mifugo kasema lisirudi mpaka ngozi izibe na manyoya yaote. Miguu yake mizima. Basi anayetembea ni mie.

Saa 12 napima majani makavu kwa mizani ya kutundika, ile ya samaki. Kilo 6 kwa siku, mafungu manne. Ni kama kilo moja na nusu kwa kila kilo mia za mwili wake. Pumba nimezikata zote. Kila fungu naliloweka saa moja ili sukari ipungue. Likizidi hapo, kwa joto letu hili, linachacha.

Saa 1:30, pwani ya Paje, Unguja. Bamvua, maji yanakupwa. Tunaingia mpaka yamfike magotini, na hapo kila hatua lazima auinue mguu, tumbo likaze. Nusu saa ya hivyo naipenda kuliko saa nzima ya mchanga mkavu. Kina mama wa mwani wanateremka na kamba zao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyo farasi wa kupandwa au wa kusindikizwa?"

Sikuwa na jibu. Nikapita mbali na vigingi vyao.

Saa 3 namwosha chunyu kwa maji baridi, kidonda sikigusi. Mchana kivulini. Mgeni mmoja kaja na dola mkononi, nikamrudisha.

Saa 10 jioni maji yamejaa, kwa hiyo kazi ni uwanjani. Magogo manne ya mvinje nimeyalaza chini, anayavuka polepole, huku na huku. Halafu kamba ndefu, duara pana, dakika 5 kulia, 5 kushoto, jumla zisizidi 20. Wapo wanaomzungusha farasi saa nzima kama jiwe la kusagia. Viungo ndivyo vinavyolipa. Mwisho karoti. Naishika ubavuni mwake, anapinda shingo kuifuata bila kusogeza mguu, nahesabu hadi tano ndipo aipate. Mgongo usiobeba mtu unalegea upesi, na karoti hiyo unaisikia mpaka kiunoni.

Magharibi natoa futi ya fundi cherahani. Kifua, nyuma tu ya miguu ya mbele: sentimita 174. Urefu, bega hadi tako: 158. Kifua mara kifua mara urefu, gawa kwa 11,880: kilo 403. Wiki ya kwanza kifua kilikuwa 178, yaani kilo 421.

Mkanda wangu wa suruali nao nimeutoboa tundu la pili.