Accountability kwa Kihispania: nilivyolipata neno lake nikiwa Newala

Watu wakisikia unatafsiri kwenda Kihispania, ushauri wao ni mmoja: tafuta neno linalofanana na la Kiingereza, geuza mwisho wake, umemaliza. Ushauri huo unaniudhi, maana ndio unaoharibu kazi za watu.

Nilipewa ripoti ya kikundi cha akina mama wabangua korosho hapa Newala, isomwe na wafadhili wao Wahispania. Imeandikwa Kiingereza, na neno accountability, yaani uwajibikaji, limetapakaa humo. Kamusi ya simu inatoa responsabilidad. Nikalijaribu kwenye sentensi, likakataa. Neno hilo linabeba wajibu wa mzazi kwa mwanawe, dhamana ya kulipa hasara, hata lawama. Ripoti ikisema accountability imekosekana, Mhispania angesoma kwamba viongozi ni watu wa ovyo tu, hawajali kitu. Sicho kilichoandikwa.

Nikaiweka kamusi pembeni, nikajiuliza: jambo hili likifanyika hapa kikundini, linaonekanaje? Mikutano yao naijua. Katibu anasoma mapato na matumizi, bibi mmoja anasimama kule nyuma: "Mwanangu katibu, hela ya magunia mbona umeisoma mara mbili?" Katibu anafungua bahasha ya risiti, anapekua, anajibu mbele ya wote. Hicho ndicho chenyewe! Kihispania wanakiita rendición de cuentas, kutoa hesabu kwa wenye mali.

Nikataka ushahidi. Kihispania ni moja ya lugha sita rasmi za Umoja wa Mataifa, kwa hiyo nyaraka zake unazipata kwa lugha zote mbili, bure, unazisoma sambamba. Nikafungua Malengo ya Maendeleo Endelevu ya 2015, shabaha 16.6. Kiingereza kinataka taasisi ziwe accountable. Kihispania kinasema que rindan cuentas, zinazotoa hesabu. Sifa wameigeuza kitenzi! Nilifurahi mno. Siku hizi nikikutana na neno zito la kufikirika, nauliza kwanza nani anafanya nini, na mbele ya nani.

Na compromiso la Kihispania, linalofanana na compromise la Kiingereza, mlitazame vizuri, mara nyingi ni ahadi mtu aliyojifunga nayo, wala si pande mbili kulegeza masharti.

Responsabilidad sikulitupa. Nimeliweka kwenye ukurasa wa usafirishaji: korosho zikilowa njiani kwenda bandari ya Mtwara, mwenye lori analipa.