Huyu Alilala Wapi Jana?

Mwaka 1997, nikiwa na umri wa miaka 19, niliandika mchezo mfupi wa kuigiza wenye wahusika watatu wanaobishana sokoni: dalali wa samaki, mvuvi mzee na mama anayekaanga samaki wa kuuza. Nilijivunia kwamba haukuwa na kosa hata moja la sarufi. Nyanya yangu, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena maandishi, aliniomba nimsomee, nami nikasoma bila kutaja majina ya wasemaji, nikiamini kwamba maneno yao yangetosha kuwatambulisha. Ukurasa wa pili alininyamazisha kwa mkono.

"Huyu anenae sasa ni nani?"

Nikamwambia ni yule mama.

"Na wa kabla yake?"

"Dalali, Nyanya."

"Wote ni wewe, mwanangu. Wewe na mwalimu wako."

Hakunionea. Mama wangu wa samaki alikuwa akisema, "Siwezi kuongeza bei kwa sababu sina fedha za kutosha," sentensi ambayo ingepata alama zote katika mtihani, na ambayo sijapata kuisikia katika soko lolote. Shule ilinilea kwa Kiswahili sanifu kilichojengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Unguja, uamuzi uliofikiwa mwaka 1928 katika mkutano uliofanyika, ajabu ya mambo, papa hapa Mombasa. Lugha ya nyumbani, Kimvita cha Mombasa, nikaiona kama nguo ya kulalia, isiyofaa kutokea nayo barabarani. Usiku ule nikadhani nimepata dawa: kila "mchele" nikaugeuza "mtele", "njoo" ikawa "ndoo", "anakuja" ikawa "yuwaja". Nyanya alisikiliza kurasa zote, kisha akasema nimembadilisha kanzu tu, mtu ni yuleyule.

Alfajiri iliyofuata nilikwenda soko la samaki lililo karibu na Bandari ya Kale, nikaketi juu ya kreti tupu na daftari ambalo sikulifungua. Watu wale walikuwa wa mji mmoja na lafudhi moja, lakini hakuna ambaye angeweza kuazima sentensi ya mwenzake. Dalali hakumaliza hata moja. Kila aliyoianza ilikatwa na bei mpya. Mvuvi, bei ikitajwa nzuri au mbaya, alijibu "Alhamdulillahi" huku akikunja wavu, na ilikubidi umtazame mikono ndipo ujue ipi imemuuma. Mama mmoja alimshika changu, akafunua matamvua kwa kidole gumba, akautazama wekundu uliokwisha fifia, wala hakusema kwamba samaki si mbichi. Aliuliza tu, "Huyu alilala wapi jana?" Dalali akapandisha sauti kana kwamba hakusikia.

Nilirudi nikafuta karibu nusu ya mchezo, na mvuvi nikamwachia neno lake moja. Jioni nikamsomea Nyanya tena, bila majina. Safari hii hakuniuliza nani anenae. Nilipomaliza alizungusha tasbihi yake kwa muda, kisha akasema, "Hata akamtwaa kwa ngapi?"

Bei sikuwa nimeiandika.