Baiskeli tano koridoni na mimi naenda kazini kwa miguu

Jumatatu iliyopita nimeenda kazini kwa miguu. Kutoka Kihonda mpaka mjini, jua la Morogoro mnalijua, na nyumbani koridoni nimeacha baiskeli tano. Tano! Mama watoto alikuwa anafagia uwanja, akaniona natoka getini na begi mgongoni, hakusema kitu, akacheka tu kile kicheko cha puani, na nahisi hicho kicheko ndo kimenikalisha chini niandike hii.

Niwape hesabu kamili maana mtu akisikia tano anadhani mi tajiri. Ya kwanza ni Phoenix ya marehemu baba, ile nyeusi ya Kichina, tairi 28, breki za vyuma, keria nyuma ya kubebea gunia. Ya pili ni mtumba wa Japani, yenye kikapu mbele, hiyo ya mama watoto kwa hiyo tusiihesabu sana. Ya tatu ni mauntini ya gia 18, niliichukua kwa mwanafunzi wa SUA alikuwa anamaliza chuo anatafuta nauli ya kurudi kwao. Ya nne, nikiwa mkweli, ni fremu na tairi moja, ila siku naiona kwa fundi mi niliiona imeshakamilika kabisa na rangi nimeshachagua. Ya tano ni ya resi na hiyo ina kisa chake.

Septemba 2025 si yale mashindano ya dunia ya baiskeli yalikuja Kigali, mara ya kwanza kufanyika Afrika, basi mi siku ya wanaume nimeshinda na simu, bando likaisha nikaongeza, chai imepoa mezani. Kilomita 267 za kupanda na kushuka, kuna kilima kimoja barabara yake ni ya mawe, yule Mslovenia Pogačar akawachomoka wenzake akaenda peke yake zaidi ya kilomita 60 za mwisho hadi akashinda. Alafu nikaja kujua kwamba kwa sheria zao baiskeli ya mashindano hairuhusiwi kuwa chini ya kilo 6.8. Yaani wenzetu wanazuiwa isiwe nyepesi ZAIDI ya hapo, wakati Phoenix ya baba ni kama kilo 20 na hapo gunia bado hujapakia. Ndo nikaanza kujiambia kumbe tatizo langu ni uzito wa baiskeli, sio kitambi. Wiki mbili hazijaisha nikawa nimeshuka Dar na kurudi na resi ya mtumba kwenye buti la basi, nimeilipia kama mzigo.

Nimeiendesha mara nne. Tairi zake nyembamba kama kidole gumba, na barabara za mtaani kwetu ni mchanga, korongo, mchanga tena. Mara ya nne ikapata pancha, na hapo ndo nikaanza kupata elimu ambayo hakuna aliyenipa wakati nanunua.

Elimu yenyewe ni hii, valvu. Phoenix na ile ya Japani zina valvu ya zamani, unafungua kinati juu, ndani kuna kale kampira kembamba, kakikatika unavisha kengine upepo unakaa. Mauntini ina valvu kama ya gari, hiyo unapeleka popote wanapojaza upepo bodaboda. Ya resi valvu yake nyembamba ndefu, ina kinati kidogo kwenye ncha unakilegeza kwanza ndo upepo uingie, na mtaani kwetu hakuna pampu inayoishika. Fundi wetu aliigeuza geuza kama nesi anayetafuta mshipa wa mtoto, akanirudishia, "braza hii ipeleke ilikotoka". Kwa hiyo mtu mmoja mwenye miguu miwili nikajikuta nahitaji pampu za aina tatu.

Na tairi ndo usiseme. Nilitaka kuwa mjanja, tairi ya nyuma ya Japani imepasuka, pembeni imeandikwa 26, mauntini nayo 26, nikasema basi nahamisha. Haiingii! Nimehangaika na vijiko vya chakula (naomba msimwambie mwenye vijiko) mpaka fundi akaja kunionesha zile namba nyingine ndogo pembeni mwa tairi, moja ina 590 nyingine 559. Hizo ni milimita za pale tairi linapokaa kwenye rimu, tofauti sentimita tatu, sasa hapo hata uite mtaa mzima mvute haliwezi kukaa. Ishirini na sita mbili, majina sawa, watu tofauti.

Sasa mtu atauliza, Phoenix si ilikuwa nzima, kwanini umetembea kwa miguu? Hapo ndo pana aibu yangu. Jumamosi nilikaa uani na spana nataka nijaribu kama pedeli za Phoenix zitaingia kwenye ile fremu. Ya kulia ikatoka vizuri. Ya kushoto ikagoma, nikaongeza bomba kwenye spana, nikakanyaga kwa mguu, ikalia kriii nikafurahi. Wanaojua wameshacheka. Pedeli ya kushoto uzi wake ni wa kinyume, unaifungulia upande ambao nyingine zote unakazia, mi hapo kumbe nakaza kwa uzito wangu wote mpaka nikachana uzi wa chuma chenyewe. Hivyo nikawa nimeiua baiskeli pekee inayotembea ili nifufue ambayo haijawahi kutembea hata siku moja.

Kuna utani wa wapanda baiskeli wa Ulaya, kwamba idadi sahihi ya baiskeli ni ulizonazo jumlisha moja. Wenzetu wana stoo na barabara za lami mpaka mlangoni, na wale wa resi kabisa kuna gari linawafuata nyuma na baiskeli za akiba juu ya paa na fundi ndani. Mi gari linalonifuata nyuma ni hiace inanipigia honi nitoke njiani.

Na ukiniuliza vizuri nitakuambia ukweli, mi napenda baiskeli kuliko ninavyopenda kuendesha. Napenda kushika gololi na grisi, napenda kuinunua, ile siku ya kwanza unaipiga picha imeegemea mwembe. Sio dhambi. Ila baiskeli iliyosimama inakufa kimya kimya, tairi inakaa bila upepo inapasuka pembeni, cheni inashika kutu, na huwezi kujua mpaka siku unaihitaji. Ile unayopanda kila siku inakusemesha. Phoenix ikilegea kotapini, ile pini inayoshika chuma cha pedeli, nasikia, tok, tok, kila mguu ukishuka, nasimama naigonga na jiwe mbili tatu, nakaza nati, safari inaendelea. Sauti ya resi mi siijui hata ikilia nitadhani ni ndege.

Njiani hiyo Jumatatu akanipita jirani yangu muuza maziwa. Yeye ana Phoenix moja, keria ameiongezea nondo, madumu mawili ya lita ishirini yananing'inia huku na huku, na hapo ameshatoka Mkundi kuchukua mzigo. Siti imefungwa na mpira wa tyubu, kengele hana anatumia mdomo. Kile kampira ka valvu cha akiba anakifunga kwenye ufunguo wa nyumba. Nimeshamkuta siku moja amepata pancha pembeni ya barabara, akashusha madumu, kageuza baiskeli kichwa chini, kachomoa tyubu upande mmoja tu bila kutoa tairi, mate kidogo atafute tundu, kasugua na kipande cha msasa, solusheni, anapuliza puuu inakauka, kiraka, kagonga na ngumi, kapampu huyooo. Sijamaliza hata soda niliyokuwa nakunywa.

Basi akaniona, akapunguza mwendo.

"Kaka, leo zote zinaumwa?"

Nikamwambia zote. Akasema poleni sana, kama ananipa pole ya msiba, alafu akakanyaga maana maziwa hayasubiri mazungumzo.

Jioni ile ile nikaanza kutoa. Fremu nimemrudishia fundi, tukaelewana akaniwekea Phoenix chuma kipya cha pedeli ya kushoto, kipya kwangu maana kimetoka kwenye baiskeli nyingine ya mtu, kulia cheusi kushoto kinang'aa. Mauntini amechukua mdogo wangu anaenda nayo shule ya ufundi. Ya Japani imepata tairi la saizi yake kutoka Kariakoo, kuna dereva wa basi kaniletea, na mama watoto anaenda nayo sokoni na wala haongelei habari za baiskeli kama mimi, anapanda tu anaondoka. Resi bado ipo. Nimeitundika ukutani kwa misumari miwili, msiniulize.

Jana nimetoka na Phoenix mpaka Mindu, bwawani. Barabara ya Iringa malori yanakupita upepo unakuyumbisha, kale kapando nilishuka nikasukuma sina aibu, nikafika nikaiegemeza kwenye mti nikala samaki wa kukaanga na chumvi na pilipili, vidole vinanuka mpaka leo. Narudi, nimekaribia Msamvu, nikaanza kusikia upande wa kushoto. Tok. Tok. Nikatafuta jiwe.