Nilivyoyalinda meno ya binti yangu yakiwa bado ufizini

Huku kwetu chini ya Mlima Meru wengi tuna meno ya kahawia. Mimi ninayo, na nimekua nikiambiwa sipigi mswaki vizuri. Si kweli. Ni floraidi, aina ya madini ambayo maji huiokota kwenye miamba ya volkano, nayo huliharibu jino likiwa bado linatengenezwa ndani ya ufizi.

Nilipokuwa mjamzito, daktari wa meno alinieleza kwamba magego ya kwanza ya ukubwani huanza kuwekewa madini mtoto anapozaliwa. Meno ya mbele hufuata miezi michache baadaye, na hujengwa hadi miaka minne au mitano; magego ya pili hufika saba au nane. Floraidi ikizidi katika miaka hiyo, ganda la nje, yaani enameli, hubaki na vitundu visivyoonekana kwa macho. Jino huota na madoa meupe kama chaki, kisha rangi za vyakula huingia humo na kuligeuza kahawia. Kusugua hakusaidii kitu.

Alipokuwa ananyonya tu sikuhangaika, maana maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana hata kama mama anakunywa maji hayo hayo. Kazi ilianzia kwenye uji. Nilikinga maji ya masika kutoka kwenye bati, tanki likawa la mtoto peke yake. Kiangazi, tanki likiisha maji, tulitumia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia iliyofanyiwa kazi sana kwenye kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huku huku kwetu. Mkaa huo huchoka bila dalili yoyote, kwa hiyo lazima maji yapimwe. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Majirani walinihimiza nichemshe. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haitoki. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe hukolea.

Kigumu zaidi kilikuwa magadi, ambayo nayo yana floraidi nyingi.

“Mama, makande ya mtoto naomba nisitie magadi.”

“Na maharage yataiva lini, mwanangu?”

“Nitayaloweka usiku kucha, mama.”

Mama mkwe aliyaonja, hakusema neno. Baadaye nilimkuta anayaloweka mwenyewe.

Dawa ya meno yenye floraidi sikuiacha, maana ikipakwa juu ya jino huzuia kuoza. Nilimwekea kiasi cha punje ya mchele, nikamfundisha kutema.

Meno yake mapya ya mbele yameota meupe, na michirizi hafifu ambayo daktari huiona akiyakausha tu. Magego ya pili hayajamaliza kujengwa, kwa hiyo shuleni anakwenda na chupa yake ya maji, na mwalimu wake anajua sababu.