Nilivyopima umaarufu wa Samatta mtandaoni kwa ajili ya jezi za mjomba

Januari 2020, mshambuliaji wetu Mbwana Samatta alipotangazwa kuwa mchezaji mpya wa Aston Villa ya Uingereza, mjomba wangu anayeuza jezi Kariakoo alinipigia simu hata chai sijanywa. Alitaka kujua achape jina la Samatta kwenye jezi ngapi, na la Mohamed Salah, Mmisri wa Liverpool, kwenye ngapi. Herufi zikishapigwa pasi mgongoni hazitoki, na jezi isiyopata mteja ni hasara.

Kila niliyemuuliza alinijibu, "Angalia wafuasi Instagram." Ushauri huo unaniudhi mpaka leo. Mtu akishamfuata mchezaji anahesabika miaka yote, hata kama ameshamsahau, tena huwezi kujua yuko Temeke au Cairo.

Nikahamia kwenye komenti. Nilichukua posti moja na daftari, nikahesabu 300 kwa penseli, bando la elfu mbili tatu likaenda. Kijana mmoja peke yake alikuwa ameweka bendera ya Tanzania mara 11. Wengine wameandika "nifuate nikufuate", mama mmoja anatangaza mafuta ya nywele. Nilipowatoa hao wote, watu halisi walibaki 140 na kitu. Usiku mzima umeisha, na mjomba anasubiri jibu.

Ndipo nikafungua Google Trends, ukurasa wa Google unaoonyesha jina linatafutwa kiasi gani, nikachagua Tanzania. Nikamtafuta Samatta: kilele 100. Nikafuta, nikamtafuta Salah: kilele 100. Nikamwambia mjomba wanalingana, achape nusu kwa nusu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mjomba, hapa dukani tangu asubuhi hakuna aliyemtaja Salah."

Alikuwa sahihi. Ile 100 si idadi ya watu. Kila ukitafuta upya, siku au wiki iliyovuma zaidi ndiyo inayopewa 100, na nyingine zote zinapimwa kwa hiyo. Wachezaji lazima wakae kwenye grafu moja. Wakati huo mwisho ulikuwa watano; wakizidi mbakize mmoja yuleyule kwenye kila grafu awe kipimo chako.

Kilichonifurahisha zaidi ni alama ya kujumlisha, inayohesabu maneno mawili kwa pamoja. Watu wetu wengi huandika "Samata", t moja. Nikaandika samatta + samata, na mstari ukapanda mbele ya macho yangu. Bila hiyo ningewatupa wateja wa mjomba kwa sababu ya herufi moja! Wikipedia nayo inaonyesha ukurasa umefunguliwa mara ngapi kwa siku, ila ule wa Kiingereza husomwa dunia nzima, kwa hiyo kwa biashara ya Kariakoo niliutumia kuhakikisha tarehe tu.

Grafu ilionyesha jambo ambalo wafuasi hawalionyeshi: Samatta alipaa juu ya Salah wiki ya usajili, kisha akaanza kushuka. Nikamshauri mjomba achape kidogokidogo, aongeze kila anapofunga. Februari 1 akafunga ugenini Bournemouth, mashine ikawashwa. Machi 1 akafunga Wembley kwenye fainali na Manchester City, ikawashwa tena mpaka saa nne usiku.

Ligi iliposimama kwa korona katikati ya Machi, mjomba alikuwa amebakiwa na jezi nne za Samatta. Jirani yake aliyechapa kwa kuangalia wafuasi alikuwa na robota zima.