Hilux otomatiki, kilomita 312,000: kubadilisha oili ya giaboksi awamu kwa awamu

Gari ni Toyota Hilux dabo kabini ya 2012, dizeli ya 1KD-FTV ya lita 3.0, giaboksi A750F ya gia tano. Odometa inasoma 312,000 na hakuna risiti wala stika ya kuonyesha kwamba oili ya giaboksi imewahi kuguswa. Kazi yake ni kubeba mabati na nondo kutoka Industrial Area ya Nairobi, na kilomita zake nyingi ni za jamu ya Mombasa Road, gari likisota kwa gia ya kwanza na ya pili huku konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) ikikoroga oili bila kufunga, yaani bila kushikana moja kwa moja na injini. Oili ya otomatiki huungulia humo zaidi kuliko kwenye safari ndefu.

Iguswe au iachwe?

Mafundi wengi mjini watakuambia giaboksi iliyokula kilomita hivi usiiguse, ukiitia oili mpya itakufa. Wanasema walichokiona, lakini chanzo wamekigeuza. Mwenye gari huikumbuka oili siku gia zinapoanza kuteleza. Siku hiyo bitana za klachi zimeshalika, na oili mpya haina namna ya kuzirudisha. Gari linazima baada ya muda mfupi na lawama inabebeshwa oili. Kwa hiyo swali ni hali ya klachi kabla ya kununua chochote.

Kipimo cha kwanza ni muda wa gia kushika. Oili iwe imepata moto, handibreki juu, mguu kwenye breki, injini kwenye sailensa ya kawaida (inanguruma bila kukanyagwa mafuta). Toa gia N (huru) uweke D (mbele), hesabu kwa saa ya simu hadi usikie mshtuko mdogo wa gia kuingia. Rudia mara tatu, ukipumzisha dakika moja kati ya kila mara, kisha chukua wastani. Toyota wanataka D ishike chini ya sekunde 1.2 na R (nyuma) chini ya sekunde 1.5. Hii ilitoa 0.9 kwa D na 1.3 kwa R. R iko karibu na mpaka lakini ndani yake.

Kipimo cha pili kinataka barabara wazi. Southern Bypass asubuhi mapema inatosha. Shikilia kilomita 80 kwa saa, mguu mwepesi kwenye mafuta, kisha gusa pedali ya breki kidogo tu kwa mguu wa kushoto. Mshale wa mizunguko ukipanda kidogo na kurudi ukiachia, konvata ilikuwa imefunga na imefungua inavyotakiwa. Ukipanda mlima mizunguko ikapaa bila mwendo kuongezeka, hapo klachi inateleza: funga kazi, weka pesa zako kwa ajili ya kufungua giaboksi nzima. Hili halikuteleza. Kazi iliendelea.

Mashine ya kusukuma oili yote kwa mkupuo haikutumika, na si kwa sababu ya ubahili. Inasukuma kupitia bomba za kupoza huku sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi) ikiwa imefungwa na filta ya zamani iko palepale, kwa hiyo uchafu uliotulia miaka yote unakorogwa na kupelekwa kwenye solenoidi, valvu za umeme zinazoelekeza oili. Kumwaga na kujaza kwa awamu kunachelewa, lakini unaona kila kinachotoka.

Vitu vilivyonunuliwa

Toyota ATF WS (ATF ni oili ya giaboksi ya otomatiki), makopo matatu ya lita 4, namba 08886-02305. Filta mpya pamoja na oringi yake, gasketi ya sampu, na washa za nati. Vyote vinapatikana Kirinyaga Road, ila angalia muhuri wa kopo na usikubali oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa. Wekundu si ushahidi, kwani ni rangi tu iliyotiwa. Dexron III, aina nyingine ya ATF, nayo ni nyekundu na ni nzito kuliko WS. Ukiiweka humu, konvata inaweza kuanza kutetemeka inapofunga, kama gari linalopita juu ya rasta za barabarani, na utahangaika kutafuta kosa kwenye injini.

Vifaa: soketi ya 10, 14 na 24, alenki ya milimita 5, toki renchi ndogo inayosoma chini ya Nm 10 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), pampu ya mkono yenye mpira mrefu, na jagi lenye alama za mililita. Stendi nne, si jeki. Gari lazima likae sawa mbele na nyuma. Uwanja wenye mteremko utaharibu kipimo cha mwisho.

Nati tatu, na ipi ifunguliwe kwanza

Giaboksi hii haina fimbo ya kupimia. Ina nati ya kujazia ya 24 ubavuni kulia, kichwani imeandikwa WS. Chini ya sampu kuna mbili: ya kumwagia, ya soketi 14, na ya kupimia usawa, ya alenki 5. Transifa ya 4x4, kasha linalogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma, iko nyuma yake, nayo ina nati zake ubavuni. Ukitia ATF mahali pa oili ya gia, umeharibu mawili kwa mpigo, kwa hiyo tafuta yale maandishi ya WS kwanza.

Legeza ya kujazia kabla ya kugusa nyingine yoyote. Ikiwa imeshika kutu na umeshamwaga, gari halitoki hapo. Hii ilihitaji dawa ya kutu usiku kucha na bomba refu kwenye mpini wa soketi.

Kabla ya kumwaga, usawa wa oili ya zamani ulipimwa kwa njia iliyoelezwa chini zaidi. Sababu ni hesabu: ukitaka kurudisha kiasi kilekile kilichotoka, lazima uwe na hakika kiasi hicho kilikuwa sahihi tangu mwanzo. Kilikuwa sahihi; ilidondoka matone.

Awamu ya kwanza: sampu chini

Oili ilimwagwa gari likiwa baridi, asubuhi, na oili mpya ilikaa sakafuni usiku wa kuamkia siku hiyo ili zote ziwe na joto moja wakati wa kupimwa. ATF hutanuka ikipata moto; lita tatu za moto si lita tatu za baridi.

Rangi ilikuwa kahawia iliyoiva, harufu ya kuungua kidogo tu. Kitu cha kuogopa hapa ni rangi ya waridi yenye utando wa maziwa. Hiyo ni maji ya rejeta yaliyopenya kupitia kipoza oili kilicho ndani ya tangi la rejeta, na maji hubandua bitana za klachi.

Sampu ina bolti 20 za soketi 10. Acha mbili za pembeni zikiwa zimelegea ili iiname upande mmoja, maana bado ina oili, na valvu bodi (bamba la njia za oili na valvu zake) juu yake itaendelea kudondosha kwa muda mrefu. Jagi lilionyesha lita 3.3 kwa jumla.

Sumaku za ndani ya sampu ndizo zinazosoma afya ya giaboksi. Zilikuwa na ute wa kijivu, laini kati ya vidole, bila chenga. Huo ni mliko wa kawaida. Chenga zinazong'aa na kushikwa na sumaku ni chuma: beringi, gia au sahani za klachi. Chenga za manjano zisizoshikwa na sumaku ni za shaba, yaani bushi zinalika. Ukikuta hizo, simama kabla ya kufungua kopo la pili.

Filta inashikwa na bolti nne, 10 Nm. Ni ya kitambaa ndani ya kasha la bati. Hakuna kuiosha kwa petroli. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: filta inatoka, lakini oringi ya zamani inabaki imeng'ang'ania ndani ya tundu la valvu bodi, nyeusi kwenye weusi, huioni bila tochi. Ukipandisha filta mpya yenye oringi yake juu ya ile, haikai sawa, pampu inavuta hewa, na giaboksi inaanza kupiga mluzi na kuchelewa kushika. Pitisha kidole ndani ya tundu. Hii ilikuwa humo, ikatolewa kwa kijiti cha plastiki ili alumini isikwaruzwe.

Gasketi iliwekwa kavu. Silikoni inayofinywa kuelekea ndani hukatika na kwenda kuziba filta. Bolti za sampu ni 4.4 Nm tu, kukazwa kutoka katikati kwenda pembeni. Hiyo ni nguvu ya vidole na mkono mdogo wa raceti. Anayekaza kwa hasira ananyoa nyuzi za alumini au anapinda ukingo wa sampu, kisha anashangaa kwa nini inavuja. Nati ya kumwagia ni 20 Nm na washa mpya. Lita 3.3 zilirudishwa kwa pampu.

Awamu zilizofuata

Kila awamu nyingine ni kumwaga tu, bila kushusha sampu: lita 2.8 nje, lita 2.8 ndani. Katikati gari linapelekwa safari ya kweli, kutoka Mombasa Road kupitia Southern Bypass hadi Kikuyu na kurudi, ili gia zote tano ziingie na konvata ifunge. Kuzunguka mtaani hakuchanganyi oili iliyo ndani ya konvata vizuri.

Giaboksi nzima inabeba takriban lita 10.5. Baada ya lita 3.3 na mara tatu za lita 2.8, oili ya zamani iliyobaki ni robo na ushee. Awamu nyingine ingeishusha hadi asilimia 20 hivi, na lita 3 za ziada hazistahili gharama hiyo leo. Zitaingia zamu ijayo. Rangi ya mwisho ni nyekundu iliyokoza, unaona kidole chako ndani yake.

Kusawazisha

Joto la oili liwe kati ya nyuzi 46 na 56, injini ikiwaka, AC imezimwa, gia kwenye P baada ya kupitishwa polepole sehemu zote. Ukipima ikiwa baridi utabakisha nyingi: ikitanuka itatoa povu na kutapika kwenye bomba la kupumulia. Ukipima ikiwa moto sana utabakisha pungufu na pampu itavuta hewa ukipanda mlima.

Skana inayosoma data za Toyota inatoa joto moja kwa moja. Bila hiyo, unganisha tundu la 4 na la 13 kwenye soketi ya OBD (ile ya kuchomekea skana) kwa waya, washa injini, cheza gia kati ya N na D kila sekunde moja na nusu au chini, kwa sekunde sita. Taa ya D ikiwaka sekunde mbili umeingia. Kuanzia hapo taa iliyozima inamaanisha baridi, inayowaka inamaanisha sawa, inayopepesa inamaanisha imepita. Hesabu matundu kwa makini, kwani la 16 lina umeme wa betri muda wote na la 4 ni athi: ukiyaunganisha hayo mawili, fyuzi imekwenda.

Baridi ya asubuhi ya Nairobi inafanya injini ingurume muda mrefu kabla ya nyuzi 46. Usipandishe resi kuharakisha. Taa ilipowaka, nati ya alenki ilifunguliwa, mkondo mwembamba ukatoka, ukakatika na kuwa matone, ikafungwa kwa 20 Nm. Ingekuwa haikutoa kitu, ile lita 0.3 iliyobaki kwenye kopo ingeongezwa juu. Nati ya kujazia: 39 Nm.

Vipimo vya baada

D 0.9, kama awali. R 1.1. Kuingia gia ya tatu kutoka ya pili kumelainika, hasa oili ikiwa baridi.

Bomba la kupumulia lilikutwa limeziba kwa tope la murram na limesafishwa. Likiziba, presha hutafuta njia kupitia sili. Oili ya transifa nayo ilikaguliwa usawa wake, kwa sababu sili kati yake na giaboksi ikichoka, ATF huhamia huko bila tone hata moja kuonekana chini. Iko sawa. Oili chafu imo kwenye mitungi, inasubiri mchukuaji mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Mitaro ya mtaa huu inaishia Mto Nairobi.

Kazi inayofuata ni ukaguzi wa ukingo wa sampu baada ya kilomita 1,000, kwa kitambaa kikavu na bila kugusa bolti, kisha kumwaga lita 2.8 kila kilomita 20,000, pamoja na kuangalia kama R itabaki pale pale.